Ukurasa wa Disemba

Kila mwaka, tarehe 9 Disemba, ofisi za Unguja hufungwa na watu wa Malindi hushuka barazani wakakaa na kahawa zao. Tunapumzika kwa ajili ya uhuru wa Tanganyika, uliopatikana mwaka 1961. Hilo silipingi. Tanganyika ni mwenzetu, na furaha ya mwenzio ni yako. Kesho yake ni tarehe 10 Disemba, siku ambayo mwaka 1963 Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza. Siku hiyo tunafungua ofisi na kurudi kazini. Anayetaka kusema neno siku hiyo huzungumzia haki za binaadamu, maana ndiyo siku yake duniani kote. Kwa hivyo sisi ni watu tunaopumzika kwa uhuru wa jirani na kuingia kazini siku ya uhuru wetu wenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Miaka michache iliyopita alirudi skuli na karatasi ya mtihani mkononi, uso umemshuka. Swali lilikuwa fupi: Zanzibar ilipata uhuru lini? Naye alijibu: tarehe 10 Disemba 1963. Mwalimu alilikata jibu lake kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: 12 Januari 1964.

"Babu," akaniuliza, "nimekosa wapi? Si wewe uliyenambia?"

Kweli ni mimi niliyemwambia. Nilivaa kanzu yangu na kofia, nikatoka kwenda kumkabili mwalimu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote njiani. Nilipofika kona ya pili nilisita, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Lilinijia swali ambalo sikuwa na jibu lake: mtoto huyu nimemwambia Disemba, je, Januari nimemwambia? Sikuwahi. Mwalimu alimficha mwezi mmoja, na mimi nikamficha mwingine. Sikuwa na uso wa kwenda kumlaumu mtu.

Nimezaliwa Malindi, mtaa wa bandari, si mbali na Msikiti wa Bamnara. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Mwaka 1948 aligoma pamoja na wenziwe, katika mgomo ule ulioanzia gatini ukasambaa mji mzima. Mpaka anakufa, baba alikuwa akiyahesabu maisha yake kwa mgomo ule: jambo hili kabla yake, jambo lile baada yake. Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waliojiunga mapema. Mjomba wangu, ndugu yake mama wa tumbo moja, alikuwa karani wa serikali, na yeye ni mtu wa Hizbu. Siku za Iddi wawili hawa walikuwa wakila sahani moja nyumbani kwetu. Ulipofika mwaka 1961 wakaacha. Mwezi Juni mwaka ule uchaguzi uliingia fujo na watu 68 wakauawa. Tangu hapo mama akawa anampelekea ndugu yake chakula cha Iddi kwa kificho, kakifunika kawa juu na kanga.

Usiku wa uhuru mjomba alinichukua uwanjani. Nilikuwa na miaka tisa. Niliiona bendera mpya ikipandishwa, nyekundu, yenye duara la kijani na karafuu mbili za manjano ndani yake. Mfalme Jamshid bin Abdullah alikuwapo, Waziri Mkuu Mohamed Shamte alikuwapo, na mume wa Malkia wa Uingereza alikuja kwa niaba ya mkewe. Nilirudi nyumbani na kibendera cha karatasi. Baba alikuwa kakaa mlangoni, hakwenda. Alikitazama kile kibendera, akauliza neno moja tu: "Uhuru wa nani?"

Leo, baada ya zaidi ya miaka 60, nasema kuwa mjomba alikuwa na haki ya kufurahi usiku ule, na baba alikuwa na haki ya kuuliza. Nchi hii imeshindwa kuwasikiliza wote wawili, na huko ndiko kupotea kwetu.

Nianze na wale wanaosema Disemba haikuwa uhuru. Hoja yao naijua, ni hoja ya baba. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kati ya viti 31 ikapata 13. Hizbu ilipata 12, na ZPPP, chama cha Mohamed Shamte, kikapata sita. Wawili wale wakaungana wakawa na viti 18, wakaunda serikali. Waliopata kura nyingi wakakaa upande wa upinzani, wakatazama bendera ikipandishwa na mfalme akibaki pale pale. Aliyepiga kura ile na kuona matokeo yale ana haki ya kuuliza, uhuru wa nani.

Lakini kuuliza uhuru ni wa nani si sawa na kusema haukuwapo. Himaya ya Waingereza ilianza mwaka 1890, na mwaka 1896 mizinga yao ililipiga jumba la mfalme pale Forodhani kwa sababu tu mfalme aliyekaa hawakumchagua wao. Himaya hiyo ilimalizika tarehe 10 Disemba 1963. Tarehe 16 Disemba Zanzibar ilipokewa Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, ikakaa kwenye kiti chake. Mambo haya yameandikwa, hayafutiki kwa hotuba.

Nawauliza wanaoifuta Disemba swali moja la akili ya kawaida. Tarehe 22 Aprili 1964 Mzee Karume na Mwalimu Nyerere walitia saini Hati ya Muungano. Tunaambiwa kila siku, na ni kweli, kwamba zile zilikuwa nchi mbili huru zilizoungana kwa hiari. Tanganyika uhuru wake tunaujua. Zanzibar je? Mwingereza alimkabidhi nani, lini? Waliopindua tarehe 12 Januari hawakumpindua Mwingereza, kwani alikuwa ameshakabidhi mwezi mmoja nyuma. Waliipindua serikali ya nchi huru, wakairithi nchi huru pamoja na kiti chake cha Umoja wa Mataifa, na kwa nguvu ya urithi huo wakaweza kutia saini. Anayeifuta Disemba anadhani anayatukuza Mapinduzi. Kumbe anaing'oa nguzo ambayo Mapinduzi yenyewe na Muungano wenyewe vimeegemea.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, ambao ni wengi zaidi kwenye baraza ninazokaa mimi. Hawa Disemba wanaipenda kama maiti azizi. Kwao Januari ni uvamizi, ni kazi ya wageni, ni tufani lililotoka baharini bila sababu. Nawauliza na wao: zile asilimia 54 zilikuwa za wageni? Wakulima waliokuwa wakikaa kwenye mashamba ya watu, wakipanda muhogo chini ya mikarafuu, kisha siasa zilipochacha wakafukuzwa na muhogo wao kung'olewa, walikuwa wageni? Biashara ya watumwa iliyofanywa Mkunazini mpaka soko likafungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliopigwa marufuku mwaka 1897, mnadhani wajukuu wa wale waliouzwa walikuwa wamesahau? Na serikali ya Disemba, katika mwezi wake mmoja, ilifanya nini kuwatuliza waliohisi wameonewa? Ilikipiga marufuku chama cha Umma, na ikawaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara, ikawaacha mitaani na ghadhabu zao. Nyumba iliyofunga madirisha yote isishangae joto likivunja mlango.

Tena nasema, na mjomba anisamehe huko aliko: Januari ilitoa vitu ambavyo mimi mwenyewe nimevila. Ami yangu wa Mwera, aliyelima maisha yake yote kwenye ardhi ya mwenyewe, alipata eka tatu. Mimi mtoto wa kuli nilisoma bure tangu mwaka 1964, nikafika nilikofika. Siwezi kukaa barazani na kalamu niliyopewa na Januari nikaandika kuwa Januari haikuleta kitu.

Lakini siwezi pia kunyamaza kuhusu namna ilivyokuja. Usiku wa kuamkia Jumapili ile walichukua kambi ya polisi ya Ziwani, wakachukua na Mtoni, na silaha zikawa mikononi mwao. Kituo cha polisi cha Malindi, hatua chache kutoka kwetu, kilichelewa kuanguka. Mchana kutwa tulisikia risasi. Mama alitulaza mvunguni mwa kitanda, sisi watoto wanne, akaweka magodoro mbele. Jioni mjomba akaingia kwa mlango wa nyuma, kanzu imechanika, kiatu kimoja hana.

Baba alikuwa mtu wa chama kilichoshinda siku ile. Hakumuuliza kitu. Alimwingiza kwenye stoo, akampangia magunia mbele, na kwa siku saba mama akawa anampitishia maji na mkate. Siku ya tatu walikuja vijana wenye mapanga na bunduki kuuliza. Baba alisimama mlangoni, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa ndani hamna mtu ila mkewe na watoto wake. Katika umri wangu wote ndiyo mara pekee niliyomsikia baba akila yamini ya uongo. Vijana wale walimjua, wakaondoka. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa hawamjui mwenyewe, na mwenyewe hakuonekana tena.

Mjomba aliondoka miezi michache baadaye kwa jahazi mpaka Mombasa, na baadaye Maskati. Alifia huko. Kile kibendera changu mama alikitia kwenye jiko la mkaa asubuhi ya Jumatatu, nikikiangalia. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu haikutajwa Disemba wala Januari. Si kwa sababu baba na mama walichukiana. Walipendana mpaka mauti. Waliogopa tu kwamba akifungua mmoja mdomo, wa pili atalia.

Nyumba ngapi za Unguja na Pemba zilifunga mdomo hivyo hivyo? Waliouawa mwezi ule, wengi wao Waarabu, na Wahindi pia na wengineo, hutajwa kwa maelfu na kila msemaji ana idadi yake. Orodha ya majina haipo, wala jiwe lenye majina hayo. Wengine walizikwa bila ya jamaa zao kujua wapi. Kwenye sherehe za Januari husomwa mafanikio, na ni haki yasomwe. Lakini dua ya hawa tunaisoma kimyakimya majumbani, kana kwamba kuwarehemu wafu ni uasi.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri. Aliyezoea kuchana ukurasa mmoja wa kitabu haishii hapo. Tulianza kwa kuchana Disemba kwa sababu ilikuwa ya wapinzani wetu. Haukupita muda tukaanza kuichana Januari yenyewe. John Okello, aliyetoka Uganda, akaishi Pemba, ndiye ambaye sauti yake tuliisikia redioni asubuhi ile ikitoa amri na vitisho. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshafukuzwa visiwani, na baadaye jina lake likakwepwa kana kwamba redio ilijisemea yenyewe. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais wa Mapinduzi hayo. Mwaka 1969 aliuawa, na Othman Sharif naye vile vile, bila ya hukumu ya mahkama ya wazi. Abdulrahman Babu aliyekuwa waziri alitiwa kizuizini mwaka 1972, akakaa miaka sita. Mzee Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Na Zanzibar, iliyopinduliwa kwa kilio cha kura zisizoheshimiwa, ikakaa mpaka mwaka 1980 bila ya kupiga kura ya kuchagua serikali yake.

Msidhani mambo haya ni ya zamani. Kila uchaguzi tangu mfumo wa vyama vingi urudi, kuanzia ule wa mwaka 1995, tunapigana kwa maneno ya mwaka 1963. Huyu ataitwa Hizbu, yule ataitwa mtu wa bara. Watoto waliozaliwa miaka 30 baada ya Mapinduzi wanatukanana kwa vyama vilivyokufa kabla ya wao kuzaliwa. Januari 2001 watu walipigwa risasi Pemba na Unguja na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mwaka 2010 wananchi wa visiwani walipiga kura ya maoni, thuluthi mbili wakakubali serikali ya umoja, na tukadhani tumepona. Mwaka 2015 uchaguzi ukafutwa, na matusi yale yale yakatoka makabatini. Jeraha lililofunikwa bila ya kusafishwa huoza kwa ndani, na mwenye jeraha hushangaa homa imetoka wapi.

Wako watakaosema nchi haiwezi kuwa na siku mbili, kwamba ukiitaja Disemba unataka mfalme arudi. Mfalme mwenyewe ameshafariki, tarehe 30 Disemba 2024, huko Oman. Hoja hiyo imekwenda kaburini naye. Tena nchi nyengine zimepita njia hii. Wamisri waliutangaza uhuru wao mwaka 1922 wakiwa na mfalme na askari wa Kiingereza wamejaa mjini. Mwaka 1952 wanajeshi wakampindua mfalme. Wanaiadhimisha siku ya mapinduzi, lakini hawamwambii mtoto kuwa mwaka 1922 haukuwapo. Libya ilipata uhuru tarehe 24 Disemba 1951 chini ya mfalme. Gaddafi alipotawala siku ile ikazikwa kwa miaka 42, na alipoondoka mwaka 2011 watu wakaifukua siku hiyo hiyo wakaisherehekea. Siku ikizikwa haifi, inasubiri tu. Ni bora tuifukue sisi wenyewe kwa adabu kuliko kungoja wengine waifukue kwa hasira.

Ninachotaka si kikubwa. Sitaki sikukuu mpya, sikukuu tunazo za kutosha. Nataka kitabu cha skuli kimwambie mtoto kuwa Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Disemba 1963, na kwamba ilipopata uhuru ule wengi waliopiga kura hawakuwa na sehemu ndani yake. Kimwambie kwamba tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ilipinduliwa, kwamba Mapinduzi yaligawa ardhi na kufungua skuli, na kwamba yaliua watu wasio na hatia. Sentensi hizi mtoto wa darasa la sita anazifahamu. Nataka Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipewe kazi ya kukusanya majina ya waliokufa, wa Juni 1961 na wa Januari 1964, wa kila asili na kila chama, kwenye daftari moja. Na nataka wazee wenzangu waliobaki, ambao tunazikana kila wiki, wafungue midomo mbele ya wajukuu zao kabla hawajafungwa vitambaa vya kidevu.

Jioni ile nilimkalisha mjukuu wangu ukumbini nikamweleza yote: mgomo wa baba, sahani ya Iddi, kibendera, stoo ya magunia, eka tatu za ami. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma: "Sasa, babu, mtihani ujao niandike ipi?"

Nilimwambia aandike ya mwalimu, apate alama zake.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mjukuu wangu, mimi babu yake mwenye mvi, kuandika asichokiamini ili apasi. Baba yangu alisema uongo mlangoni ili kumwokoa mtu na upanga. Mimi nimemfundisha mtoto uongo kwa ajili ya alama moja ya mtihani. Wanaotunga mitihani wanaweza kuniondolea aibu hii kwa kubadilisha swali. Wamuulize mtoto: Disemba 1963 kulitokea nini, na Januari 1964 kulitokea nini? Halafu wampe nafasi ya kuandika.